Furushi na Mzigo: Pikapu ya Nyumbani Kwetu kwenye Njia ya Misafara

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka wake kwa Wagalatia, anasema mambo mawili ambayo msikilizaji wa haraka anaweza kudhani yanapingana. Katika mstari wa 2 anawataka waumini wasaidiane kubeba yanayowalemea. Mistari mitatu tu baadaye anasema kwamba kila mtu ana chake atakachokibeba mwenyewe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union waliona kwamba Kigiriki kina maneno mawili tofauti pale, nao wakatumia mawili. Katika mstari wa 2 waliandika mzigo, na katika mstari wa 5 wakaandika furushi.

Nimeisikia mistari hiyo ikihubiriwa mara nyingi, lakini maana yake niliipata kwanza nyumbani, utotoni, kutokana na mvutano wa wazazi wangu juu ya pikapu yetu. Sisi tulikuwa watu wa njia ya zamani ya misafara, upande wa magharibi mwa Tabora, na pikapu ile ilikuja mwishoni mwa msururu mrefu sana wa wabebaji. Ndiyo maana kabla ya kueleza habari zake sina budi kuwakumbuka waliobeba kabla yake.

Mabega ya Wanyamwezi

Tabora haina bandari wala mto mkubwa. Ilikua kwa sababu watu walipita hapa wakiwa wamebeba vitu. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu kutoka Unguja na pwani walikuwa wamekwisha kujenga makazi hapa Unyanyembe. Hapa njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, na jingine lilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika hapa Novemba 7, zaidi ya miezi minne baadaye. Leo basi linamaliza safari hiyo kwa siku moja.

Waliobeba walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi. Mpagazi alipewa mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Juu yake aliongeza vitu vyake mwenyewe, yaani mkeka wa kulalia, chungu na posho. Pembe ya ndovu iliyomshinda mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, mzegazega. Wanawake nao walisafiri, wakibeba vyakula na vyombo, na wengine watoto mgongoni. Kazi hii ilikuwa na heshima yake. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Tusichanganye mambo, kwani njia ilikuwa moja lakini waliotembea juu yake hawakuwa sawa. Mnyamwezi aliyejiajiri upagazi alikuwa mtu huru, akalipwa kwa nguo na shanga. Kando yake, mara nyingine katika msafara uleule, walipita watu waliofungwa minyororo na kongwa shingoni, ambao wao wenyewe walikuwa bidhaa. Mmoja alibeba na kulipwa, mwingine alibebeshwa. Mkristo wa Tabora anayesoma habari za mizigo katika Biblia asisahau kwamba udongo wa kwao umekanyagwa na wote wawili.

Kila mpagazi alikuwa na furushi lake, alilokabidhiwa na ambalo alitakiwa kulifikisha lilivyo. Lakini alipougua ndui au kuhara damu katikati ya Mgunda Mkali, ile nyika kame kati ya Ugogo na Unyanyembe, furushi lake liligeuka kuwa mzigo wa wenzake. Mara nyingi bidhaa ndizo zilizogawanywa na kusonga mbele, na mtu mwenyewe akaachwa chini ya mti. Wasafiri wa wakati ule waliandika jinsi walivyopita mifupa ya wapagazi kandokando ya njia. Nguo na shanga zilifika, na aliyezibeba hakufika.

Magurudumu yaliyoshindwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakutumia mikokoteni. Walijaribu. Mwaka 1877 Shirika la Wamisionari la London lilianza safari ya kuja Ziwa Tanganyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na magari yakaachwa njiani. Mwaka 1879 wakaletwa tembo wanne kutoka India, waliofunzwa kubeba, ili wajaribiwe kwenye njia hii hii. Nao hawakudumu. Kila mara jibu lilikuwa lilelile, kumrudia mpagazi.

Kwa hiyo Injili nayo ilikuja mabegani. Mwaka 1879 daktari mmisionari Ebenezer Southon alifika Urambo, katika himaya ya Mtemi Mirambo, akaanza kutibu na kufundisha mpaka alipofariki huko mwaka 1882 baada ya kujeruhiwa na risasi kwa bahati mbaya. Dawa zake, vitabu vyake, hata misumari ya nyumba yake, vilitembea kutoka pwani juu ya kichwa au bega la mtu. Mwaka 1898 kituo cha Urambo kikakabidhiwa kwa Wamoravian. Kanisa hilo lilikuwa limetuma wamisionari wake wa kwanza mwaka 1732. Dober na Nitschmann walitembea kwa miguu kutoka Herrnhut hadi Copenhagen ili wapande meli kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Kanisa lililoanza kwa kwenda kwa waliofungwa lilifika Unyamwezi kwa njia waliyopitishwa waliofungwa.

Majina ya wamisionari tunayo. Yamo katika vitabu na juu ya makaburi. Majina ya waliowabebea sanduku la dawa ni machache mno. Nadhani Kanisa letu bado lina deni hapo.

Waliokataa kuutua

Karibu na mji wa Tabora, pale Kwihara, ipo tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapya. Waliwasili Agosti, naye akaondoka nao tarehe 25 ya mwezi huo. Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia.

Waliokuwa naye wangeweza kumzika palepale na kwenda zao. Bwana wao alikuwa amekufa, na hakuna aliyebaki wa kuwaamuru. Wao wakaketi, wakashauriana, wakaamua kumrudisha kwa watu wake. Moyo wake waliuzika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala, na mwili wakaukausha juani na kuufunga katika gome la mti. Chuma na Susi wakaongoza. Miongoni mwa waliokuwa kwenye msafara ule alikuwamo Halima, mpishi.

Oktoba 1873 walifika Kwihara. Hapo walimkuta afisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike hapa Unyanyembe, kwa kuwa mbele kulikuwa na hatari. Ushauri ule ulikuwa wa busara kwa kipimo cha watu, na wao walikuwa wamechoka. Wakakataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti apite katika nchi yao. Basi waliufunga mwili upya mfano wa robota la nguo, wakatangaza kwamba maiti amerudishwa Unyanyembe, na hivyo wakapita. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo.

Na pale Bagamoyo walipokewa mzigo, wakalipwa ujira, wakaambiwa waende. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili hadi Uingereza na kuhudhuria maziko ya Aprili 18, 1874. Chuma na Susi walipelekwa huko baadaye, na rafiki wa marehemu, maziko yakiwa yamekwisha kupita. Jacob mwenyewe alirudi Afrika, na alifariki Urambo mwaka 1892, kwenye kituo cha misheni. Kila nikifikiria habari hii naona kwamba watu walimlilia sana aliyebebwa, na hawakuwaza sana juu ya waliobeba.

Reli na vita

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa miaka ile miwili mitatu ungedhani upagazi umekufa. Ndipo ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Vijana kwa wazee walikusanywa kubeba risasi na unga wa majeshi ya pande zote, na wengi mno hawakurudi makwao. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 19, 1916. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Watu wanakwenda sokoni Kariakoo kila siku, na wachache hukumbuka kwamba wanatamka jina la waliobebeshwa.

Mwaka 1972 njia ikaona tena watu wenye mizigo vichwani, wakimbizi kutoka Burundi walioanzishiwa makazi Ulyankulu. Mwaka uliofuata, Baba alinunua pikapu.

Pikapu ya bluu

Ilikuwa Peugeot 404, rangi ya bluu iliyopauka, gia yake ikiwa pembeni mwa usukani. Watu wawili walikuwa wameitumia kabla yetu. Tulikaa kati ya Usoke na Urambo, Baba akiwa mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika, na kila palipokuwa na mbuga tulijua tutashuka tusukume.

Sisi watoto mahali petu palikuwa nyuma, juu ya magunia. Nikisikia harufu ya petroli iliyochanganyika na tumbaku kavu, hata leo, naiona bodi ile ya mabati na mbao za pembeni zilizofungwa kwa waya. Wakati wa asali tulipakia madebe kutoka porini, na nyuki walitufuata kwa mwendo mrefu kana kwamba wanatudai. Betri ilikuwa dhaifu siku zote. Kwa hiyo Baba aliegesha gari mahali penye mteremko, na pasipo mteremko alitegemea migongo yetu. Rejeta ilivuja. Hatukusafiri bila dumu la maji, na maji yalipokwisha tuligonga hodi kwenye nyumba yoyote, nao walitupa, hata kama kisima chao kilikuwa mbali.

Njiani Baba alituonyesha miembe mikubwa, mizee, iliyosimama mahali pasipo na kijiji. Alisema, kama alivyoambiwa na baba yake, kwamba hapo palikuwa kambi ya misafara, na kwamba miembe iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na waliopumzika. "Wao walitembea," alisema, "ninyi mmekaa. Basi msilalamike mkitikiswa."

Ilikuwa miaka ya uhaba. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza fedha na magari ya nchi. Walipokuja kuandikisha magari yanayoweza kwenda vitani, ofisa alifungua boneti ya pikapu yetu, akaifunga taratibu, akampa Baba pole. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, tairi ndiyo usiseme. Na kwa ajili ya kuokoa mafuta serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Hata mahubiri yalizingatia sheria hiyo. Waliotoka mbali walipoanza kutazama mkono, mchungaji alijua amebakiwa na hoja moja tu.

Katika kijiji kisicho na gari jingine, pikapu moja haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Ilibeba wajawazito usiku. Ilibeba wagonjwa wa malaria waliofungwa kwa khanga wasianguke. Ilibeba kwaya kwenda semina, mabati ya kanisa, bibi harusi na kabati lake. Aliyekuja kubisha hodi saa nane za usiku hakumwambia Baba "naomba." Alisema, "Mzee, tuna mgonjwa," na Baba alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Mistari miwili katika nyumba moja

Mama hakuwa mchoyo. Yeye ndiye aliyekaa nyuma na wajawazito, akiwashika mikono kwenye mashimo, na watoto wawili wa kijiji kile walizaliwa mikononi mwake kabla ya kufika hospitalini. Lakini Mama ndiye pia aliyetunza daftari la nyumba. Aliandika petroli, oili, viraka, springi. Alijua kila shilingi ilikokwenda, na alijua kwamba safari tatu kati ya nne hazikurudisha chochote.

"Baba watoto," alimwambia siku moja, "Paulo anasema kila mtu ana furushi lake."

"Mama watoto," Baba akajibu, "umeruka mstari wa 2."

"Sikuuruka. Wewe ndiye hujafika wa 5."

Tulicheka, nao wakacheka. Haikuwa mzaha kwa muda mrefu.

Mwaka 1980 au karibu na hapo mwalimu wa kwaya yetu alifariki katika hospitali mjini Tabora, Jumamosi jioni. Baadhi ya watu walishauri azikwe mjini. Tairi zetu za nyuma zilikuwa zimebaki nyuzi, na Jumapili ilikuwa na saa zake. Baba alisema mtu hazikwi njiani kama ana kwao. Waliondoka na jeneza asubuhi, wanakwaya sita wakiwa nyuma. Walipata pancha mara mbili, saa nane ikawapita barabarani. Kwenye kizuizi askari alitazama saa yake, akazunguka nyuma, akaona jeneza na wale vijana waliojaa vumbi. Akavua kofia na kuinua mti. Walifika usiku, na kijiji kizima kilikuwa kinasubiri na taa za kandili. Kesho yake tulimzika mwalimu kwao, kwa nyimbo alizotufundisha mwenyewe.

Watu walimshukuru Baba kwa dhati. Kisha wakaenda makwao.

Pikapu ilikaa wiki tano bila tairi. Tumbaku yetu iliyokwisha kukaushwa ilibaki bani ikingoja usafiri, ikashuka daraja. Fedha iliyotazamiwa haikupatikana, na dada yangu, aliyekuwa bweni shule ya sekondari, alichelewa muhula kwa majuma mawili kwa kukosa nauli ya treni, shuka na viatu. Alikaa nyumbani akisoma madaftari ya mwaka uliopita. Kila asubuhi alikwenda kisimani na Mama, ndoo kichwani, wakipita kando ya gari lililoinuliwa juu ya mawe.

Hapo ndipo Mama alipoomba nafasi katika kikao cha wazee wa kanisa. Hakuwa mjumbe. Alisimama karibu na mlango, na kwa kuwa kikao kilikaa barazani kwetu, sisi watoto tuliokuwa uani tulisikia kila neno.

"Shikamooni wazee. Sikuja kuzuia gari. Nimekuja kuuliza. Wagonjwa wenu tunawabeba. Marehemu wenu tunawabeba. Harusi zenu tunazibeba, na Mungu atukuzwe. Ila gari likilala juu ya mawe, nani kati yenu amewahi kuuliza tairi inatoka wapi? Binti yangu yuko nyumbani, wenzake wako darasani. Na maji ya nyumba hii yenye gari nayabeba mimi, kichwani. Mnasema gari hili ni baraka ya usharika. Kama ni la usharika, mbona furushi ni letu peke yetu?"

Palikuwa kimya kirefu. Baba alitazama chini. Baadaye nilijua kwamba aliona ameaibishwa, na kwa siku kadhaa maneno yalikuwa machache nyumbani. Lakini mzee mmoja, aliyewahi kuwa mtunza hazina wa usharika, ndiye aliyevunja ukimya ule. Alisema, "Mama, umetuambia kweli. Tulichukua mzigo wetu tukauita furushi lako."

Sanduku la petroli

Yaliyofuata ni historia ndogo isiyo katika kitabu chochote, na ndiyo sababu naiandika. Usharika uliweka sanduku. Kwa kweli lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa tundu juu. Kila kaya ilikubali kutia kitu baada ya mavuno. Asiye na fedha alileta debe la karanga au asali, ikauzwa. Utaratibu ukawa huu: wagonjwa na wajawazito wangebebwa bure, na petroli ingetoka kwenye kopo. Ndugu wa marehemu wasingedaiwa chochote mpaka matanga yaishe. Mwenye mzigo wa biashara angelipa nauli kama kwenye gari jingine lolote. Na kila Jumamosi pikapu ingepeleka mapipa mawili kisimani, moja la nyumbani kwetu na moja la wajane waliokaa upande ule.

Sitaki msomaji adhani mambo yalinyooka. Mara nyingi kopo lilikuwa tupu. Walikuwapo waliosema mwenye gari hakosi fedha. Baba mwenyewe aliendelea kuwasha gari kabla ya kuuliza kama kopo lina kitu. Lakini kitu kimoja kilibadilika, na hata mtoto aliweza kukiona. Waliobebwa walianza kuuliza. Mtu alishuka kwenye pikapu, akazunguka, akaipiga tairi kwa mguu na kusema, "Hii itafika mwezi ujao?" Dada alirudi shule. Nauli yake ya muhula uliofuata ilitoka kwa wanakwaya, kwa jina la mwalimu wao.

Mwaka 1986 giaboksi ilikufa na hapakuwa na nyingine. Baba aliuza injini kwa vipuri. Ekseli ya nyuma na magurudumu yake fundi aliyageuza kuwa mkokoteni, ukakokotwa na ng'ombe wa jirani aliyehamia kutoka Usukumani. Pale misitu ilipokuwa imekatwa kwa mashamba mbung'o walikuwa wamepungua. Ng'ombe wakapita salama katika njia ambayo miaka 100 na zaidi kabla yake magari ya wamisionari yaliachwa kwa kukosa ng'ombe.

Mbebaji naye abebwe

Nimeeleza habari za wapagazi na za pikapu pamoja kwa sababu naona swali lao ni moja. Njia yetu haikupungukiwa na watu wa kubeba. Watu walibeba mpaka wakaanguka. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu wa kugeuka na kumtazama aliyebeba.

Paulo, kama ninavyomsoma sasa, hakujipinga. Furushi ni lile ambalo Mungu amemkabidhi kila mtu kwa safari yake, yaani wito wake, kazi yake, dhamiri yake. Hilo hakuna atakayekubebea, na ni vizuri lisibebwe na mwingine. Mzigo ni lile linalozidi mabega ya mmoja, kama ugonjwa, msiba, njaa au deni. Kumwachia mtu mzigo tukidai ni furushi lake ni kosa la msafara uliomwacha mgonjwa chini ya mti. Kumtwika mwenzetu furushi letu tukidai ni upendo wa Kikristo ni kosa pia, na hili la pili ndilo linalofanyika kanisani kwa utulivu, tena kwa maneno mazuri.

Wapendwa, leo barabara ya Tabora hadi Urambo ina lami. Mgonjwa anapelekwa kwa bodaboda au gari la kukodi, na mchango unatumwa kwa simu kabla chai haijapoa. Lakini katika kila usharika wapo bado wachache wanaobeba wengi. Yupo binti aliyeacha kazi mjini kumuuguza mama yake, ambaye sote tunamsifu na hatumpokei zamu hata usiku mmoja. Yupo mama mchungaji, ambaye mlango wake haufungwi. Yupo mwalimu wa Shule ya Jumapili ambaye mwaka wa kumi sasa hajakaa kusikiliza ibada. Yupo kijana mmoja mwenye ajira katika ukoo, na simu yake haiachi kulia. Tukiulizwa, tutasema hao ni baraka. Mama yangu angeuliza tairi inatoka wapi.

Bwana wetu mwenyewe, siku ya kwenda Golgotha, alibebewa msalaba sehemu ya njia na mtu aliyekuwa akitoka shambani. Mwana wa Mungu hakuona aibu kubebewa. Na Marko, mwandishi asiyependa maneno mengi, hakumwacha mbebaji yule bila jina. Ametuambia ni Simoni, mtu wa Kirene, akaongeza hata majina ya wanawe, Iskanda na Rufo. Maelfu waliobeba katika njia yetu hatuwezi tena kuwaita kwa majina. Wanaobeba leo tunawajua, na wengine wamekaa benchi moja nasi Jumapili hii. Tuwaulize wanahitaji nini, na tukishauliza tuwapelekee.